Herufi Nene za Mraba: Namna ya Kuzichagua, Kuzichora na Kuzipanga

Miongoni mwa maswali ambayo wasomaji wetu hawachoki kuyaleta, wawe ni wenye maduka wanaotaka kibao kipya, au vijana wa stika wanaopamba daladala na matatu, au mafundi wa kupiga chapa fulana za timu, liko moja linalorudi kila mara kwa maneno tofauti: zile herufi nene na pana, ambazo O yake si duara wala si mraba kamili, bali ni mraba uliolainishwa pembe zake nne, hupatikana wapi, huchorwa vipi, na zafaa kuandikia nini? Swali ni jema, na jawabu lake si refu kwa asiye na nia ya kulitenda. Lakini kwa mwenye kuazimia kuifanya kazi hiyo kwa mkono wake, yapasa aelezwe hatua kwa hatua, pamoja na makosa ambayo aghalabu huonekana baada ya kibao kwisha kupigiliwa ukutani.

Nitatanguliza shauri langu ili mwenye haraka asilikose. Herufi hizi ni za kuandikia jina, si za kuandikia habari. Umbo lao la mraba, ambalo ndilo haiba yao, ndilo pia linalozifanya zifanane zenyewe kwa zenyewe, D na O, B na 8, S na 5. Na kazi yote ya mwenye kuzichagua, mwenye kuzichora na mwenye kuzipanga ni kuzitenga, ili kila moja ijulikane kwa mtazamo mmoja.

## Asili yake, kwa ufupi

Mwaka 1952 kiwanda cha herufi za risasi cha Nebiolo, katika mji wa Torino huko Italia, kilitoa chapa iliyoitwa Microgramma, kazi ya Alessandro Butti na Aldo Novarese. Ilikuwa na herufi kubwa tupu. Miaka kumi baadaye, yaani 1962, Novarese aliikamilisha kazi ile kwa kutoa Eurostile, ambayo sura yake ni ile ile ila imeongezewa herufi ndogo. Kabla yao wote, mwaka 1930, Mmarekani Morris Fuller Benton alikuwa amekwisha kutoa Bank Gothic, nayo ya mraba, nayo ya herufi kubwa peke yake. Kisha mwaka 1968 ikaja filamu ya Stanley Kubrick, *2001: A Space Odyssey*, ambamo maandishi ya mitambo ya chombo cha angani yaliandikwa kwa Eurostile nene na pana, na tangu hapo watu wengi, hata wasiojua majina haya, wakiziona herufi hizi huwaza mashine, umeme na safari za mbali.

Nayataja haya kwa sababu mbili za kazi. Ya kwanza, usistaajabu ukikuta chapa nyingi za namna hii hazina herufi ndogo, au zinazo lakini hazikupewa uangalifu uliopewa kubwa, ndivyo zilivyozaliwa. Ya pili, dhana ile ya mitambo haibanduki. Mgahawa wa pilau ukiandikwa jina lake kwa herufi hizi utaonekana kama duka la betri za magari, hata ukipambwa kwa picha za sinia na birika.

## Mahali pake

Zafaa hasa kwa mambo haya:

- Jina la karakana, duka la simu, kampuni ya usafirishaji, kituo cha redio, studio ya muziki.
- Namba kubwa: mgongoni mwa jezi, ubavuni mwa basi, mlangoni mwa ghala.
- Kichwa cha bango kisichozidi maneno matatu au manne.
- Neno moja la tahadhari lenye kusomwa kwa mbali, kama vile HATARI au SIMAMA.

Hazifai kwa haya:

- Maelezo ya bidhaa, anwani, orodha ya bei, wala maagizo ya dawa.
- Kadi ya harusi, na tangazo la tanzia.
- Jina la kanga.

La kanga limenipatia ubishi kwa mafundi wa kuchora, kwa hoja kwamba majina ya kanga nayo huandikwa kwa herufi kubwa nene. Ni kweli, lakini jina la kanga aghalabu ni jumla nzima, pengine ya maneno matano sita, nayo hupangwa katika ukanda mwembamba juu ya pindo la chini. Herufi pana za mraba zitalazimika kufanywa ndogo mno ili zienee, na uwazi wake wa ndani utafungwa na rangi. Kama huna budi, tafuta aina iliyobanwa, ambayo kimo chake chazidi upana kwa mara mbili au karibu yake.

## Maneno yetu ni marefu

Hapa ndipo mwenye kuiga kibao cha ng'ambo hupotea. Aliyebuni herufi pana alikuwa akifikiria majina mafupi, na sisi twaandika USAFIRISHAJI. Tulipime neno hilo. Lina herufi 12, na tatu kati yake ni I, ambazo ni nyembamba. Chukua ubao wa mita 3, uache sentimita 20 kila upande, zibaki 260. Kwa herufi pana, ambazo upana wa kila moja wazidi kimo chake kwa kiasi cha moja ya tano, neno zima pamoja na nafasi zake litachukua upana wa karibu mara 13 ya kimo. Basi kimo hakiwezi kuzidi sentimita 20. Kwa herufi zilizobanwa, ambazo upana ni sehemu sita katika kumi za kimo, utapata kimo cha sentimita 34 hivi katika ubao ule ule.

Kaida ambayo wachora vibao wengi huifuata ni kuwa kila mita moja ya masafa yataka takriban sentimita moja ya kimo ili neno lisomwe kwa raha. Ni kweli kuwa herufi iliyobanwa yataka kimo zaidi kidogo kuliko pana. Hata hivyo, tofauti ya 20 na 34 ni kubwa, nayo ndiyo tofauti ya kusomwa na aliye mbali na kusomwa na aliyekwisha kukaribia. Kwa hiyo, kabla ya kuipenda chapa yoyote, hesabu herufi za jina lako. Zikipita nane, achana na zile pana, au ulipunguze jina.

## Zijaribu kabla ya kuzichukua

Sampuli zinazoonyeshwa na wauzaji wa herufi zimepangwa kwa maneno ya Kiingereza, nayo huficha yale yatakayokusumbua wewe. Kiswahili hakina herufi za kuwekewa alama juu wala chini, kwa hiyo takriban chapa yoyote yatosha kwa kukiandika; lakini kutosha si kufaa. Andika maneno yafuatayo kwa chapa unayoikusudia, uyatazame kwa makini:

1. VYAKULA. V, Y na A zote ni za mistari ya mshazari, na hapa zimefuatana. Ukiona mapengo baina yao ilhali K, U na L zimeshikana, chapa hiyo haikupangwa vyema.
2. MAHARAGE. Baadhi ya wachoraji huipa A kichwa bapa chenye pembe za mviringo, mithili ya U iliyopinduliwa na kutiwa kamba katikati. Yapendeza ikiwa peke yake. Ndani ya MAHARAGE, A tatu zikikaa kando ya H na R, jicho halioni ila safu ya milango.
3. MWEMBE. M mbili na W moja katika neno la herufi sita. Tazama kama zimekuwa nyeusi kuliko E na B zilizo jirani.
4. NG'AMBO. Alama ile ndogo ya juu ipo? Imekaa karibu na G, au imeacha pengo la kulaza mtu? Katika baadhi ya chapa za bure hukosekana, na kompyuta huiazima kutoka chapa nyingine bila ya kukuambia.
5. 0685 B8 S5 DO0 G6. Mwombe mtu mwingine azisome akiwa amesimama hatua kumi kutoka kwako.
6. 5,000/=. Mstari wa mshazari na alama ya sawasawa visiwe vyembamba kuliko tarakimu.

Jaribio la tano ndilo nisilokubali liachwe. Kibao cha siku hizi hakikosi namba ya simu, na karibu nayo namba ya kulipia. Na mteja akikosea tarakimu moja, fedha zake zaenda kwa mwingine. Ikiwa chapa yako yachanganya 6 na 8, jina liandike kwayo, na namba uziandike kwa herufi nyepesi za kawaida.

Wako wanaouliza kama ni lazima kununua. Eurostile ni mali ya wenyewe, nayo yataka kulipiwa leseni kwa kazi ya biashara. Lakini zipo za bure zilizotolewa kwa leseni huria, ambayo yakuruhusu kuzitumia hata kwa kazi ya kulipwa: Michroma ya Vernon Adams, ambayo yafuata nyayo za Microgramma; Orbitron ya Matt McInerney, yenye unene wa namna kadhaa; na Russo One, ambayo yenyewe ni nene tangu asili. Hadhari na zile unazorushiwa kwenye simu bila ya jina wala leseni: mara nyingi zimenakiliwa vibaya, na mashine ya kukata stika husita kila inapofika kwenye mpindo uliojaa nukta zisizo na kazi.

## Ukitaka kuzichora mwenyewe

Hakuna wa kukuzuia, na kwa jina la herufi sita saba kazi hii ni ya mtu mmoja mwenye subira. Vipimo nitakavyovitaja ni vya programu za kuchorea herufi, ambazo aghalabu hugawa uwanja wa herufi kwa sehemu 1000, na herufi kubwa hupewa kimo cha sehemu 700. Mwenye kuchora kwa rula na penseli aweza kuzisoma kama milimita.

Hatua ya kwanza: anza na H, O na E. H yakupa unene wa mistari iliyosimama. O yakupa pembe. E ndiyo kadhi wa unene wote, kwa sababu ina mistari mitatu iliyolala, na baina yao mna nyuwazi mbili. Fanya hesabu: ukiipa kila mstari uliolala sehemu 140, mitatu itachukua 420, zibaki 280, yaani 140 kwa kila uwazi, nyeupe na nyeusi zimelingana, na herufi yapumua. Ukitamani unene zaidi ukatoa sehemu 170 kwa kila mstari, itachukuliwa 510, na kila uwazi utabakiwa na 95. Hapo tayari wino wa fulana waanza kuuziba. B, S na 8 zina mistari mitatu vilevile, nazo zitaifuata hukumu ya E.

Hatua ya pili: mistari iliyolala iwe myembamba kuliko iliyosimama. Jicho la binadamu huuona mstari uliolala kuwa mnene kuliko ulivyo. Kwa hiyo, ikiwa iliyolala ni 140, iliyosimama iwe 155 au 160. Anayeipima sawasawa kwa rula hupata herufi iliyo sahihi kwenye karatasi na iliyovimba machoni.

Hatua ya tatu: pembe. Hili ndilo jambo lenyewe, na ndilo linaloharibiwa na wengi. Wanaoanza huchukua mraba, wakabonyeza pale pa kulainisha pembe, wakadhani wamekwisha. Matokeo yake ni mstari ulionyooka kabisa ambao ghafla waingia kwenye kipande cha duara, na mahali vinapokutana pana kama kivimbe kidogo ambacho mtazamaji hakijui jina ila hakipendi. Fanya hivi badala yake:

- Kuta za O zisiwe zimenyooka kabisa. Zitoe tumbo kidogo, sehemu 8 hadi 10, kisha ziingie kwenye pembe polepole.
- Pembe ya nje ipewe nusukipenyo cha 200 hivi. Unene wa ukuta ukiwa 160, pembe ya ndani itabakiwa na 40, nayo yatosha.
- Ukiichagua pembe ya nje ndogo kuliko unene wa ukuta, ya ndani itakuwa kali kama ya dirisha. Ilainishe kidogo kwa mkono, la sivyo herufi itakuwa na nje ya namna moja na ndani ya namna nyingine.
- Pembe zote za O, C, G, S, U na J ziwe ndugu. Pembe moja iliyozidi mviringo huonekana hata na mtoto.

Wenye kupenda hesabu watakumbuka kuwa umbo hili lina kanuni yake, ambayo mwanahesabu wa Kidenmark Piet Hein aliitia katika ramani ya uwanja wa Sergels Torg mjini Stockholm mwishoni mwa miaka ya 1950. Fundi hahitaji kanuni. Ahitaji kuitazama O yake ikiwa imepinduliwa juu chini.

Hatua ya nne: mistari ya juu na ya chini. Katika herufi za kawaida O ya duara huvushwa kidogo juu na chini ya H, sehemu 10 hadi 15, ili isionekane fupi. O ya mraba ina kichwa bapa, kwa hiyo sehemu 4 au 5 zatosha. Anayezivusha kwa kiasi cha duara hupata maandishi yanayochezacheza juu ya mstari.

Hatua ya tano: zitenge zinazofanana. Hapa usiwe na haya ya kutia chumvi.

- D: pembe zake mbili za kushoto ziwe kali kabisa. O hulainishwa zote nne.
- B: mgongo ulionyooka wenye pembe kali. 8: kiuno kiingie ndani pande zote mbili.
- 5: juu kushoto pawe na pembe kali. S: isiwe na pembe kali popote.
- Sifuri: iwe nyembamba kuliko O kwa sehemu ya tano, au itiwe mkato wa mshazari ndani.
- V na U: V ibaki na ncha yake. Wanaoiviringa V ili ifanane na jamaa zake hutufanya tusome UYAKULA.

Hatua ya sita: A, M na W. Nimekwisha kusema juu ya A ya kichwa bapa. Kwa lugha yetu, ambayo haipiti maneno mawili bila ya A, naishauri ile ya mshazari yenye kilele kilichokatwa, ijapokuwa itakuletea taabu ya nafasi. M iwe pana kuliko H, na mistari yake ya ndani iwe myembamba kuliko ya nje, la sivyo itakuwa doa jeusi. W nayo vivyo hivyo, na kwa kuwa MW ni mwanzo wa maneno yetu mengi, zichore mbili hizi pamoja na uzitazame zikiwa pamoja.

Herufi ndogo sizielezi kwa urefu, kwa maana kwa kibao cha jina huzihitaji. Atakayezichora aanze na n na o, na asiiguse a wala e mpaka zile mbili zimetulia.

## Nafasi baina ya herufi

Herufi za mraba zina kuta zilizosimama, na kuta zilizosimama hupenda nafasi sawa. Kwa hiyo HUDUMA hujipanga karibu bila ya kuguswa. Taabu yaja pale mshazari unapoingia. Tazama viungo vya lugha yetu: YA, WA, VYA, KWA, LA, ZA. Ni sentensi nyingi zilizo na kimojawapo, na viwili vitatu kati yake ndivyo vigumu kuliko vyote kupangwa, kwa sababu A huacha pengo juu na Y au V huacha pengo chini, yakakutana na kuwa shimo moja. Wachoraji wa Ulaya hujaribu jozi kama AV na To. Zetu zijaribu mwenyewe.

Fuata utaratibu huu:

1. Panga kwanza HH, kisha HO, kisha OO. Hizi ndizo kipimo cha nafasi nyingine zote.
2. Sogeza YA, WA, TA, VA, LA na KA mpaka weupe ulio baina yao ulingane, kwa kukisia, na weupe ulio baina ya H mbili.
3. Usizigusanishe. Katika herufi nene, zikigusana mara moja hapa na pale huonekana kosa. Ama ziguse zote, kwa makusudi, kama wafanyavyo baadhi ya wachora matatu, ama isiguse hata moja.
4. Ligeuze neno juu chini ulitazame tena. Ukiacha kulisoma, utayaona mashimo.

Nafasi baina ya maneno nayo isiwe kubwa. Upana wa herufi I pamoja na nafasi zake mbili za ubavuni watosha.

## Fundi anapokata

Wengi hupanga vyema kwenye kioo cha kompyuta, kisha kazi ikaharibika kwa fundi, ilhali herufi hizi zaelewana na mashine kuliko nyingine nyingi. Stika iliyokatwa huanza kubanduka kwenye ncha kali; pembe za mviringo hushika. Mashine ya kuchonga akriliki au mbao yenye kisu cha milimita 6 haiwezi kuchonga pembe kali ya ndani, huacha mviringo wa nusukipenyo cha milimita 3. Pembe nyingi za herufi zako tayari ni za mviringo, hazina cha kupoteza.

Ya kuangaliwa ni haya:

- Fulana na kitambaa. Wino huenea. Tundu la A au la R likikaribia upana wa milimita moja, liko hatarini kuzibwa. Likuze kabla ya kupeleka.
- Kibao cha taa. Mwanga hufurika pembezoni, kwa hiyo herufi nyeupe juu ya kiza huonekana nene kuliko zilivyo. Chukua unene wa chini kwa daraja moja, uongeze nafasi kidogo.
- Kiolezo cha kupulizia rangi. A, B, D, O, P, R na tarakimu 0, 4, 6, 8 na 9 zataka madaraja ya kushikilia sehemu ya ndani. Yawekwe yote katika mstari mmoja, juu na chini katikati, yasisambazwe ovyo.
- Kudarizi. Uzi hauvumilii uwazi mdogo. Jina la mfuko wa shati liandikwe kwa herufi nyepesi.

Ukifuatisha kivuli, kama wapendavyo vijana wa matatu, kielekee upande mmoja kwa herufi zote, nacho kiwe cha mshazari wa nyuzi 45. Kuta zilizonyooka hukibeba vizuri. Lakini ukiongeza mzingo wa rangi kuzunguka herufi, uongeze kwa nje tu. Programu nyingi huugawa, nusu nje na nusu ndani, na ile nusu ya ndani hula matundu ambayo umetoka kuyahangaikia.

## Mashaka mnayoyaleta

*Kwa nini nisichukue chapa nyembamba, nikabonyeza kitufe cha kunenepesha?* Kwa sababu, maadamu chapa hiyo haikuchorewa unene wake yenyewe, kompyuta haichori upya. Huipaka herufi mafuta pande zote. Mistari iliyolala hunenepa sawa na iliyosimama, pembe za ndani huzibika, na hesabu yote ya E tuliyoifanya yaenda na maji.

*Je, nikizivuta kwa pembeni zienee ubao?* Usizivute. Ukuta uliosimama utakuwa mnene, mstari uliolala utabaki ulivyo, na pembe zilizokuwa za mviringo sawa zitakuwa za yai. Kosa hili ni rahisi kulitambua hata ukipita ndani ya basi. Tafuta aina pana iliyochorwa pana, ama ulikuze neno zima kwa uwiano.

*Si zimepitwa na wakati?* Zilikuwa sura ya kesho kwa watu wa miaka ya 1950 na 1960, na kesho hiyo imekwisha kupita. Sasa zina ladha ya ukale wake. Kwa duka la vipuri haidhuru, na kwa bendi ya muziki ladha hiyo yaweza kuwa ndiyo inayotafutwa. Kwa benki, ningefikiri mara mbili.

*Kibao changu kina Kiarabu kando ya Kiswahili, nivipatanishe vipi?* Khati ya naskhi, kwa mipindo yake laini, haitangamani na herufi hizi. Mwombe mwandishi wa khati akuandikie kwa kufi, ambayo ni ya pembe na mistari iliyonyooka, na ambayo pwani yetu yaijua tangu zamani, kama yashuhudiavyo maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra. Ila unene wa kalamu ya Kiarabu ulinganishwe na mistari iliyolala ya herufi zako, si na iliyosimama, kwa kuwa uzito wa khati ya Kiarabu umo katika mistari iliyolala.

*Chini yake niandike kwa herufi gani?* Nyepesi, wazi, zisizo na ukaidi. Usiweke chapa mbili zenye kiburi katika kibao kimoja.

## Kabla ya kumkabidhi fundi

- Ligeuze neno kuwa michoro ndani ya programu, ili kompyuta ya fundi isiyokuwa na chapa yako isiiweke nyingine badala yake. Ubaki na nakala ambayo bado ni maandishi, kwa ajili ya kusahihisha.
- Mwandikie fundi kimo cha H kwa sentimita, pamoja na upana wa ubao. Upana peke yake humfanya avute.
- Mwagize asiongeze mzingo, kivuli wala mng'ao ambao hukumwomba. Baadhi yao huviongeza kwa wema.
- Chapisha jina na namba ya simu kwa ukubwa wake halisi juu ya karatasi zilizoungwa kwa gundi, uzibandike ukutani pale pale kibao kitakapokaa, kisha uvuke barabara. Mchukue mtu asiyeijua namba hiyo, umwambie aipige kutoka hapo aliposimama. Ikilia simu ya mtu mwingine, rudi kwenye hatua ya tano.